Na sisi tunaowabeba, mtuandike

Ndugu Mhariri,

Tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Kwetu Katesh, wilayani Hanang, tarehe hiyohiyo ni siku ya tope. Mwaka 2023 iliangukia Jumapili, na alfajiri ya Jumapili hiyo mlima wetu ulimeguka. Maji, mawe na magogo yakatufuata hadi vyumbani. Tangu hapo, siku hii ikikaribia, huwa sijui nijipange na wenye mabango au na wanaokwenda kanisani kuwaombea marehemu. Mpaka sasa sijaenda kokote. Kuna mtu wa kunawishwa, kulishwa na kugeuzwa, na kwake yeye tarehe 3 haina tofauti na tarehe 2.

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua za wasomaji. Najua imekuwa ndefu. Ukilazimika kuipunguza, kata habari zangu, ila ile sehemu ya orodha huko mbele iache kama ilivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Namlea kaka yangu, tumbo moja. Yeye ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba. Ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, na kifafa kilikuja baadaye. Mama alimlea hadi alipofariki. Tulipomaliza matanga, wazee wakakaa, wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Basi. Hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikukataa. Watu wakisikia namlea ndugu mwenye mtindio wa ubongo, picha inayowajia ni ya mtoto mgongoni. Kaka yangu ana miaka arobaini na ushei. Ana ndevu. Namnyoa kila Jumamosi, na nikimaliza shavu moja hunigeuzia la pili mwenyewe. Hatembei, mikono imejikunja, maneno hayatoki, lakini masikio yake yanasikia kuliko yangu. Anaelewa Kiswahili na Kiiraqw. Redioni wakianza ubishi wa Simba na Yanga anacheka mpaka anapaliwa. Yeye ni Yanga. Nani alimwingiza huko sijui, maana nyumbani kwetu hakukuwa na mpenzi wa mpira hata mmoja.

Habari za siku ile mlizichapisha nyingi, sitazirudia. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa volkano kulipuka, ingawa Hanang ni mlima wa volkano. Sehemu yenye miamba dhaifu ilinywa maji ya mvua hadi ikalemewa, ikaporomoka, na tope likashuka likifuata mkondo wa mto Jorodom. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, walifika 89. Siku za mwanzo zilitangazwa kaya 1,150 zenye watu wapatao 5,600 zilizoathirika. Katika hao 5,600 sisi tulikuwa wawili, na ninachotaka kuzungumzia ni namna tulivyohesabiwa.

Kutoka tulitoka. Nilimfunga kaka mgongoni kwa shuka, miguu yake ikiburuza chini, na kijana mmoja wa bodaboda nisiyemfahamu akaidaka ile miguu bila kuombwa, tukakimbilia palipoinuka. Kitimwendo, kadi ya kliniki, dawa na cherehani yangu vilibaki kwenye tope. Kijana yule sijamwona tena hadi leo. Kama anasoma gazeti hili, ajue kaka hajambo.

Tulipelekwa kambini, kwenye shule ambayo sitaitaja. Waliotupokea walijitahidi sana, na sitaki barua hii iwe shukrani ya punda. Mlangoni palikuwa na meza, na kijana mwenye daftari kubwa. Akaandika jina la kaka, akauliza ana shida gani, akatia vema kwenye safu ya wenye ulemavu. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe dada, mzima?"

Nikamjibu mzima. Na kweli nilikuwa mzima, sikuvunjika popote, nilichubuka magoti tu. Akatia vema kwenye safu ya watu wazima wasio na tatizo. "Haya, pita." Kwa ile vema moja niliwekwa upande wa wenye nguvu, na huko nikabaki muda wote niliokaa pale. Wenye nguvu ndio wanaopanga foleni, wanaochota maji, wanaoteremsha magunia lori likifika. Hakuna aliyekosea hapo. Daftari halikuwa na sehemu ya mtu mzima ambaye mikono yake miwili ina kazi tayari.

Tatizo la kwanza lilijitokeza jioni ileile. Madarasa yaligawanywa, haya ya wanawake na watoto, yale ya wanaume. Utaratibu mzuri, na wa lazima. Mimi mwenyewe nina mabinti wa dada yangu, nisingependa walale vinginevyo. Sasa mimi na kaka tunalala wapi? Kule kwa wanaume hawakuwa na neno naye, lakini nani atamgeuza usiku? Nani atajua kwamba akilala chali muda mrefu mate yanamkaba? Huku kwa wanawake, akina mama walimwona ni mwanaume mwenye ndevu, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Nikasimama katikati ya uwanja wa shule, kaka mgongoni, nikisikiliza watu wenye nia njema wakijadiliana juu yetu. Mwisho tukapewa kibaraza, mwisho kabisa wa jengo, karibu na ofisi. Usiku wa Katesh mnaujua wenyewe mliofika, upepo ule unaoshuka mlimani hauna huruma. Tulipewa blanketi za kutosha, nasema kweli. Blanketi hazikuwa shida.

Shida ilikuwa kumsafisha. Kaka anavaa pampasi za watu wazima tukiwa na uwezo, na tukikosa natumia vitambaa vya kukata mwenyewe. Nyumbani kuna mlango, nikishaufunga ni mimi na yeye na beseni. Pale kibarazani watu wanapita, watoto wanachungulia, kamera nazo zinapita. Mtu mzima avuliwe nguo mbele za watu na dada yake wa kuzaliwa, mnajua hiyo ni nini kwetu? Nikawa nasubiri kambi ilale. Usiku wa manane naamka, nachota maji, nawasha tochi ya simu naiuma kwa meno, mama mmoja ananishikia kitenge kama pazia, namsafisha kaka haraka haraka huku meno yake yakigongana kwa baridi. Yeye hufumba macho wakati huo wote, na nyumbani hakuwa na tabia hiyo.

Dawa za kifafa alikosa kwa siku kadhaa, kwa sababu kadi ilipotea na waganga walikuwa wamezidiwa na majeruhi, hadi muuguzi mmoja alipokaa chini na mimi tukakumbushana rangi na ukubwa wa vidonge. Siku hizo ambazo dawa haikuwepo nilikuwa nalala na uzi wa kushonea umefungwa kidoleni kwangu na ncha nyingine kwenye kifundo cha mkono wake, ili kifafa kikimpanda nami nikiwa nimepitiwa na usingizi, uzi univute. Ulinivuta. Mara nyingine ulinivuta kwa sababu amejikuna tu, lakini nani ataendelea kulala baada ya hapo?

Kulikuwa na kanuni kwamba asiyeonekana foleni hapewi. Kanuni hiyo ilikuwa na sababu, maana watu wasio waathirika walikuwa wanakuja kuchukua magodoro na unga, na wengine wanachukulia ndugu hewa. Lakini mimi nikienda foleni kaka anabaki na nani? Kulikuwa na mama mmoja, amenizidi umri kwa mbali, anatoka upande wa Gendabi. Tope lilikuwa limemchukulia wajukuu. Siku moja alikuja akakaa kwenye pembe ya godoro letu, hakusema lolote kwa muda, akanitazama ninavyomlisha kaka uji. Kisha akanyoosha mkono akachukua kijiko.

"Nenda kapange foleni mwanangu. Mimi sina pa kwenda."

Nikaenda. Nilisimama kwenye foleni machozi yananitoka, na baba mmoja mbele yangu akadhani nimefiwa, akanipa pole. Nikaipokea. Ningemwambia nini, kwamba nalia kwa sababu mtu amenishikia kijiko?

Kambini kila mtu alikuwa na msiba unaoweza kutajwa. Fulani kapoteza mume, fulani watoto wawili, fulani nyumba na ng'ombe wote. Ukifika kwangu, kaka yupo, anapumua, anakula. "Mshukuru Mungu dada, wako yupo." Nilikuwa naitikia amina, na ilikuwa amina ya kweli. Lakini baada ya kuitikia hapakuwa tena na mahali pa kusema kwamba mgongo umekufa ganzi, kwamba mikono inatetemeka hadi siwezi kutunga uzi kwenye sindano, kwamba sijalala, kwamba namwogopa yeye na najiogopa mimi. Ungesema hayo mbele ya mama aliyefukia wajukuu? Mwenyewe nisingemsamehe mtu wa kusema hivyo.

Na kuna mwanaume mmoja, sijui naye alikuwa amempoteza nani, alisimama akamtazama kaka kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, bila hasira, "Tope limebeba watoto wazima, limemwacha huyu." Akaenda zake. Kaka alisikia. Jioni ile alifunga mdomo, hakuonja hata uji. Sikuwa na la kumjibu yule bwana, na sijalipata hadi leo. Ila siku chache baadaye, usiku wa mvua, uzi umenivuta kwa mara nisiyoikumbuka, maneno yake yalipita kichwani mwangu kwa sauti yangu mimi. Yalipita tu, yakaenda. Nayaandika hapa kwa makusudi. Tangu hapo nimezungumza na walezi wenzangu kadhaa, na tukiwa wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa, hakuna aliyesema hayajawahi kumpitia. Hatuwachukii ndugu zetu. Ni kukosa usingizi.

Msaada wa kisaikolojia ulikuwepo, naomba hilo lieleweke. Walikuja maafisa ustawi wa jamii na washauri nasaha, vijana wazuri, wenye upole. Waliwakusanya watu chini ya mti kwa makundi, mchana, na waliokwenda walirudi wameng'aa kidogo. Mimi mti niliuona kwa mbali. Kundi linaanza saa nne, saa nne ndiyo kaka anakula, na akila nusu saa bado lazima akae wima asipaliwe. Nilimwomba binti mmoja katika wale washauri aje kibarazani. Alikuja, Mungu ambariki, akachuchumaa akaniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikamweleza habari za mgonjwa. Akaandika. Akaniuliza anakula nini, analala vipi, dawa amepata. Akaandika. Akaondoka. Na wote waliofika kwenye kile kibaraza, wa serikali, wa makanisa, wa mashirika, waliniuliza habari za kaka. Mimi nilikuwa kama kitimwendo, kinachoulizwa ni nani amekikalia.

Wapo watakaosema, kwenye maafa makubwa vile nani ana muda wa kumuuliza mtu aliyechoka? Watu wamefukiwa, wewe unalia usingizi. Nami ninawajibu kwa jambo nililoliona. Darasa la pili kutoka kwetu kulikuwa na mzee anamuuguza mkewe mwenye kiharusi. Mzee mpole, kofia haitoki kichwani. Mchana mmoja nilipita nikamwona amelala amekaa, kijiko mkononi, na mkewe uji umemjaa mdomoni hawezi kumeza wala kutema, macho yamemtoka. Tulimwinamisha haraka, akatema. Yule mama aliponea hapo. Je, ingekuwa vinginevyo, angeandikwa amekufa kwa maporomoko? Uchovu wa mlezi unamfika kwanza yule anayelelewa. Kwa hiyo anayesema tushughulikie walemavu kwanza, walezi baadaye, ajue kwamba mtu ambaye hawezi kumeza peke yake, usalama wake wote umo kwenye mkono ulioshika kijiko.

Sasa nafika kwenye orodha, Mhariri, ile niliyokuomba usiikate.

Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotaka kuwe na kamati za maafa kuanzia juu hadi kijijini na mtaani. Ombi langu ni kwa hizo za chini kabisa, kwa sababu wa juu hawajui nani katika mtaa wetu hawezi kukimbia. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Balozi wa nyumba kumi anajua. Basi waandike sasa, wakati jua linawaka. Kaya yenye mtu asiyeweza kutoka mwenyewe iandikwe, na mbele ya jina lake liandikwe jina la anayemlea, na mbele ya hilo liandikwe jina la tatu, la jirani mwenye nguvu ambaye amekubali kwa mdomo wake kwamba mvua ikizidi atakuja kushika miguu. Mimi wangu alikuwa kijana wa bodaboda aliyeletwa na bahati. Siwezi kuitegemea bahati hiyo mara ya pili.

Na ikitokea tena watu wanapokelewa kambini, hapa kwetu au Rufiji na Kibiti ambako mafuriko ya Aprili 2024 yaliwatoa watu majumbani, yule mwenye daftari awe na safu moja zaidi. Asiniulize mimi ni mzima. Aniulize namlea nani. Jibu hilo likishaandikwa, mengine yanafuata bila bajeti kubwa. Familia zetu ziwekwe darasa moja, wanaume kwa wanawake, kwa sababu sisi tunaelewana; kitundikwe kitambaa cha pazia pembeni na ndoo ya maji isiwe mbali. Walezi wapewe kadi ya kuchukulia mgao bila kupanga foleni, na anayeogopa udanganyifu aje aone godoro kwa macho yake. Mshauri nasaha aje kwenye godoro, aje jioni, na swali lake la kwanza liwe kwa mlezi.

Lakini ninaloliomba kuliko yote ni mtu wa zamu. Saa mbili kwa siku tu. Mtu aliyeelekezwa namna ya kumlisha asiyeweza kumeza vizuri, namna ya kumgeuza, cha kufanya kifafa kikipanda, aje aseme, "Dada, nenda kalale, nipo." Kambi ile ilikuwa imejaa watu wa kujitolea, wengine hawakuwa na kazi ya kufanya kwa nusu siku, niliona vijana wa kwaya wamekaa kwenye kuta wanasubiri lori. Hawakukosa moyo, walikosa kuambiwa. Mafunzo yenyewe hayazidi asubuhi moja. Yule mama wa Gendabi alijifunza kwa kutazama.

Wala sitaki ionekane naomba hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Nimeusoma kwenye simu, taratibu, nikiwa nashona. Ibara ya 11 inahusu usalama wao wakati wa majanga. Ibara ya 28 inazitaka nchi kusaidia watu wenye ulemavu na familia zao zinazoishi katika umaskini, na katika misaada inayotajwa pale kuna mafunzo, ushauri nasaha, fedha, na huduma ya kumpumzisha mlezi. Imeandikwa kabisa. Niliposoma hapo nilisimamisha cherehani.

Maisha baada ya kambi nitayapita haraka. Serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba kule Waret, na Desemba 2024 nyumba 109 zikakabidhiwa kwa waathirika. Nimeziona, ni nzuri. Sisi tulikuwa wapangaji, tukahamia Endasak kwa shangazi, na hapo ndipo tulipo. Shangazi ni mtu wa watu, lakini ana umri, na nyumba yake ina ngazi tatu mlangoni. Kitimwendo kingine tulipata kwa msaada. Cherehani naazima ya shangazi, ya mkono, inayolia utadhani inasaga mawe.

Kisichoisha ni mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza mvua kubwa, wenzangu wanafikiria maharage. Mimi naanza kulala na viatu. Shuka la kumbebea naliweka chini ya mto, simu imejaa chaji, dawa na kadi zimo kwenye mfuko wa nailoni niliouning'iniza shingoni. Matone yakianza kugonga bati kaka anapiga kelele, sauti ambayo hakuwa nayo kabla ya 2023. Namwimbia nyimbo za mama. Nikichoka kuimba tunatazamana tu hadi ipite. Asubuhi wateja wanakuja wanataka sare za shule, wanauliza mbona mshono umepinda.

Mwaka jana walezi wachache tulianza kukutana Jumapili baada ya ibada, kwa zamu ya nyumba, tukiwa na ndugu zetu. Hatuna katiba wala akaunti, na wala sina hamu ya kuwa na mwenyekiti. Mmoja anapika makande, wawili wanawaangalia wote, waliobaki wanalala. Ndiyo, tunakutana ili tulale. Yule mzee wa kofia huja na mkewe kwa bajaji, na yeye ndiye anayekoroma kuliko wote.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Kule kambini, nilipopata sindano na uzi mnene, nilimshonea kaka kibebeo kwa kipande cha turubai kilichobaki, na baadaye nikawashonea wengine waliokiona. Shuka si kitu cha kubebea mtu mzima, linakata mabega na linateleza likilowa. Gunia la sandarusi ni baya zaidi, linachubua ngozi, na ngozi ya mtu asiyetembea ikichubuka unauguza kidonda miezi. Turubai la pamba linafaa, urefu mita mbili, upana kama mita moja hivi. Katikati weka blanketi la zamani kwa ndani ulishone pamoja. Vishikio viwe sita, vya mkanda wa begi, na visianzie ukingoni. Vipite chini ya turubai lote kutoka upande hadi upande, kila kimoja kishonwe mara mbili. Watu wawili wanambeba mtu mzima vizuri, wanne wanakimbia naye. Kijiji, kanisa, msikiti au halmashauri inayotaka kuweka vichache stoo kabla mvua hazijakolea, walete turubai na mkanda. Ufundi nitatoa bure. Mhariri anayo namba yangu, ila wapige mchana, na wasikate haraka, huenda nina kijiko mkononi.

Mlezi na fundi cherehani,
Endasak, Hanang, Manyara
(Jina langu analo Mhariri, naomba lisichapishwe)